Shajara ya mradi: Foleni ya Kigongo

20 Januari 2025

Sketi ya mwisho ya sare imechukuliwa Jumamosi. Leo ni mara ya kwanza tangu Novemba nimeketi mezani pasipo kitambaa mbele yangu. Basi naanza.

Mradi wenyewe: riwaya moja ya mapenzi na taharuki, ya watu wanaosali. Lengo ni maneno 65,000 kabla ya mwaka kwisha. Vifaa ni simu iliyopasuka kioo, kaunta buku moja, na saa mbili za usiku Baba Eliya akishalala.

Huyu Baba Eliya ni mume wangu. Alikuwa fundi wa injini za mitumbwi pale Mwaloni, ufuko wa mitumbwi wa Kirumba hapa Mwanza, mpaka Novemba alipodondoka akiwa na spana mkononi. Kiharusi. Upande wa kulia umelala na maneno yamepotea. Anatuelewa vizuri, anacheka panapochekesha, ila akitaka kusema "maji" hutoka "eee" tu. Siku ya Sikukuu ya Krismasi kwaya ilikuja nyumbani kuimba, naye akaimba pambio zima neno kwa neno, sote tukabaki kumtazama. Wimbo ulipokwisha akataka kuwashukuru, ikatoka "eee". Dada wa fiziotherapia kule hospitali ya Bugando alisema hilo hutokea, kwamba kuimba hupita njia nyingine kichwani. Nimeandika hapa nisije nikasahau, maana sijui nitalifanyia nini.

2 Februari

Maneno 5,200. Sura tatu.

Kisa chenyewe kinakwenda hivi. Nyamizi anachuuza dagaa. Siku moja anafungua gunia alilonunua kutoka kisiwani Ukara, Ziwa Victoria, na chini ya dagaa anakuta mabondo ya sangara yaliyokaushwa. Msomaji wa Mwanza sina haja ya kumweleza. Wa mbali ajue kwamba bondo ni ule mfuko wa hewa ulio tumboni mwa samaki, na safari yake huishia China, na bei yake inaiacha minofu mbali sana. Gunia lile halikuwa lake. Wenyewe wanalitafuta. Anaingia Faustine, afisa uvuvi kijana, mkimya, ambaye Nyamizi hajui kama amekuja kumsaidia au kumkamata.

Kwa wenzetu Marekani vitabu vya aina hii vina rafu zao dukani, na wasomaji wanajua wanachodai: hatari na mapenzi viende pamoja kama nyuzi mbili za cherehani, wa juu na wa chini. Ukivuta mmoja mwingine ukalegea, mshono unafumuka. Jambo hilo nalielewa kwa mikono kuliko kwa kichwa. Sura zangu tatu, uzi wa juu umekaza mno: watu wanakimbia, wanafukuzwa, milango inagongwa usiku. Mapenzi yako wapi? "Macho ya Faustine yalimeta kama nyota." Nimelifuta. Sijawahi kuona macho ya mtu yakimeta kama nyota, isipokuwa ya paka.

14 Machi

Nimeanza kumsomea Baba Eliya. Nilikuwa namficha, sijui kwa nini, labda niliona haya kwamba yeye amelala pale nami natunga watu wanaopendana.

Jioni hii nilimsomea sura ya tano. Ni sura niliyoipenda mwenyewe. Nyamizi amejificha juu ya jiwe, mwezi mpevu umewaka, ziwa lote limejaa taa za wavuvi wa dagaa mithili ya mji, na chini kwenye maji watu wawili wanamtosa wa tatu. Nilisoma kwa sauti ya kuigiza. Nilipofika mwisho akatikisa kichwa.

"Mwezi," akasema.

Neno kamili! Tangu Novemba, neno la kwanza ambalo si la wimbo. Nikaruka. Halafu nikawaza, mwezi gani? Kodi ya nyumba. Kwamba mwezi umefika katikati na bado hatujalipa. Nikaleta kopo la hela, nikamhesabia, nikamwambia asihangaike. Akaanza kukasirika. "Mwezi," na mkono wa kushoto unapiga kaunta buku yangu. Nikamletea kadi ya kliniki nikidhani ni tarehe ya kurudi. Akaitupa chini.

Ndipo akanyoosha kidole dirishani. Juu ya vilima ulikuwa umetoka, mkubwa, wa duara kamili.

Nikaona aibu iliyoje! Mimi niliyekulia Igogo, ziwa liko chini ya mlango wetu. Dagaa huvuliwa kwenye giza. Taa ndiyo inayowavuta, na mwezi ukiwa mpevu taa haina kazi, wamesambaa ziwa zima. Siku hizo wavuvi wa dagaa wako mwaloni wanashona nyavu na kusubiri giza lirudi. Ule mji wangu wa taa chini ya mbalamwezi haujawahi kuwapo tangu ziwa liwe ziwa.

Nilimwambia, "Umeniharibia sura nzima." Akacheka mpaka akakohoa.

17 Machi

Haikuharibika. Nimeandika upya na imekuwa bora. Ziwa liko tupu, jeupe kwa mwezi. Wavuvi wote wako nchi kavu. Kisha Nyamizi anauona mtumbwi mmoja wa dagaa ukitoka, hauna taa hata moja. Wa sangara nisingeshangaa, wao hutega jioni na kutegua alfajiri, mwezi hauwahusu. Ila mtumbwi wa dagaa, usiku wa mbalamwezi, umefuata nini? Sina haja ya kuandika kwamba moyo ulimwenda mbio. Msomaji wa huku utamwenda wenyewe.

29 Machi

Msomaji wangu wa pili ni Mama Kulwa, anayeuza dagaa kweli. Nilimpa sura nane nilizozichapisha stesheneri pale Mabatini. Amezirudisha zikinuka dagaa, na hukumu yake nainakili kama alivyoitoa:

"Mama Eliya, unajua kuandika. Lakini huyu Mungu wako ana haraka kuliko bodaboda. Mtu hajamaliza kusema amina, ameshafika mlangoni."

Nilinuna siku mbili. Siku ya tatu nikachukua rula, nikachora jedwali nyuma ya kaunta buku: ukurasa alioomba, ukurasa aliojibiwa. Katika sura nane kuna maombi 11. Maombi 9 yamejibiwa ndani ya kurasa 3. Moja limejibiwa kwenye aya ileile: "Ee Mungu nisaidie," na taa za gari la Faustine zikatokea kona.

Nilitazama lile jedwali, kisha nikamtazama mtu aliyelala kitandani. Kwake yeye nimeomba ukurasa gani?

Mimi ndiye wa kwanza kujua kwamba haiendi hivyo. Tena najua kwa nini nimeandika hivyo. Nilikuwa najilipa.

18 Aprili, Ijumaa Kuu

Sikuandika wiki tatu. Tumeuza ile cherehani ya umeme, shilingi 450,000, kulipia dawa na safari za mazoezi. Imebaki ya miguu. Umeme ukikatika sasa mimi ndiye fundi pekee mtaani ninayeendelea na kazi, kwa hiyo nisilalamike sana.

Fundi mmoja wa Mwaloni alikuja kuulizia boksi la vifaa vya Baba Eliya, kama linauzwa. Nilimtazama mume wangu. "Bado," akasema. La pili hilo. Nilizihitaji zile pesa, nasema kweli, na nililia jikoni. Lakini aliyesema ni yeye na boksi ni lake.

21 Mei

Leo ni miaka 29 tangu MV Bukoba izame. Nilikuwa na miaka kumi. Ninachokumbuka ni harufu ya mji na watu wazima waliokuwa wakitembea kimya. Zaidi ya watu 800 walikufa, na wengi walizikwa Igoma kwa pamoja.

Nilimfanya baba wa Nyamizi awe mmoja wao, toka mwanzo, kwa wepesi kabisa, kama mtu anavyoongeza chumvi. Shujaa yatima anapendeza. Leo nimerudi kwenye aya hiyo nikaona sina haki ya kuipitia mbio. Kila mtu wa umri wangu Mwanza ana mtu wake ndani ya meli ile, au jirani mwenye mtu wake.

Na kuna ile nyingine, MV Nyerere, Septemba 2018, mwambao wa Ukara, imebakiza mita chache kufika. Walikufa zaidi ya 220. Siku mbili baadaye wazamiaji wakamtoa fundi wa injini akiwa hai, amekaa ndani mle kwenye hewa iliyobaki. Jumapili iliyofuata ilihubiriwa makanisa mengi: Mungu ni mwema, amemtoa mtu tumboni mwa samaki kama Yona. Nilisema amina kwa nguvu. Aliyeketi kando yangu hakusema. Alikuwa ametoka kuzika shemeji na watoto wa shemeji. Hakutoka nje, hakunung'unika, aliimba hata wimbo wa sadaka. Ila ile amina hakuisema, na mpaka leo bado anakuja kanisani kila Jumapili, mbele yangu safu mbili.

Karibu miaka saba namtazama shingo. Nadhani yeye ndiye ninayetaka kumwandika. Nyamizi wa rasimu ya kwanza alikuwa mimi, wa amina ya haraka.

Kazi ya leo ni maneno 300 tu. Nyamizi anakwenda Igoma na mama yake. Hawasemi kitu, wanang'oa majani.

8 Juni

Mgogoro kanisani, mdogo lakini mchungu. Alhamisi kwenye kikundi cha akina mama niliombwa nisome kidogo. Nikasoma sura ambayo tajiri wa mitumbwi, Mzee Yoeli, anafunga ibada ya familia kisha anapokea simu ya magendo. Mzee Yoeli ni mzee wa kanisa. Kimya. Mama mmoja akauliza kwa upole ule unaochoma: "Mwalimu wetu, hakuna wapagani huko Ukara mpaka adui awe mzee wa kanisa?" Mwingine: "Vijana wakisoma watasema nini?"

Nilirudi nimekata shauri kumbadilisha. Nikamfanya mfanyabiashara mgeni, mwenye miwani myeusi na kicheko kibaya. Nilimwandika kurasa nne. Maskini wa Mungu, alikuwa kichekesho. Hakuna aliyekuwa akimwogopa, hata mimi.

Nimemrudisha Mzee Yoeli, na kicheko nimekiondoa. Badala yake nimempa maombi mazuri, ya kweli, ya mtu anayemwamini Mungu na anayependa watoto wake. Anaomba mitumbwi yake irudi salama. Kisha nikafungua jedwali langu nyuma ya kaunta buku nikamwandika naye: ameomba ukurasa wa 88, amejibiwa ukurasa wa 89. Mitumbwi imerudi yote, na mabondo ndani. Nyamizi usiku uleule anamwombea kaka yake aliyepotea, na safu ya pili ya jedwali iko wazi.

Sikujua kama inaruhusiwa. Nikapiga simu kwa mchungaji wetu, nikamsomea. Alinyamaza, akasema, "Zaburi zimejaa hayo, mama. Kuna moja inaanza na 'Ee Bwana, hata lini'." Halafu akaniuliza kama nimewahi kuona kwamba katika kitabu cha Esta jina la Mungu halitajwi popote. Nikakisoma usiku ule kwa jicho la mshonaji. Kweli halimo. Kilichomo ni mfalme aliyekosa usingizi, akaomba asomewe kumbukumbu za mambo yaliyopita, na toka hapo kila kitu kinageuka. Hakuna malaika, hakuna sauti, ni mtu na usingizi wake. Nani atakayesema Mungu hayumo? Nani atakayekuonyesha kidole ni wapi alipo?

Nimefuta sentensi 14 zenye "ghafla akahisi amani ya ajabu".

19 Juni

Leo Rais Samia amezindua daraja la Kigongo–Busisi. Mji mzima unashangilia, nami nimeshangilia na wenzangu, shemeji yangu yuko Sengerema, ng'ambo, na tumeteseka na ile feri miaka yote. Kilomita 3 juu ya maji, unavuka kwa dakika chache tu.

Halafu nikaingia ndani nikakumbuka. Riwaya yangu inaitwa Foleni ya Kigongo.

Sura ya 14 hadi 16, moyo wa kitabu, Nyamizi na Faustine wamekwama kwenye foleni ya feri. Gari lililombeba kaka yake liko mbele yao, magari kumi na mawili, wanaliona. Hawawezi kulipita wala kushuka, kwa sababu watu wa Mzee Yoeli wamo kwenye basi la nyuma. Wanakaa pale saa tatu. Na sasa hakuna foleni. Faustine anakanyaga mafuta, wanavuka, wanalikamata, hadithi imekwisha ukurasa wa 120.

Nilimsimulia Baba Eliya. Alicheka kuliko siku ya mwezi.

23 Juni

Nimeirudisha hadithi nyuma, mwaka 2023. Daraja lilikuwa linajengwa, feri bado zinavusha kando yake. Hii ina faida ambayo sikuitegemea: nilipita pale mwaka ule na nakumbuka nguzo zilivyokuwa zimesimama majini, na vipande vya barabara juu vimekatika hewani. Watu wa foleni wakizitazama na kubishana litakwisha lini. Kila mmoja na tarehe yake. Muuza karanga alikuwa na uhakika kuliko wahandisi.

Kazi inayoletwa na uamuzi huu: kupekua simu, nauli, bei za dagaa, na kalenda ya mwezi upya. Sura ya tano imehamia usiku mwingine.

13 Julai

Wiki mbili kwenye sura ya 14. Nitaeleza kwa urefu maana hapa ndipo nimejifunza.

Niliandika foleni, ikakimbia. Saa tatu za kusubiri zilikwisha kwa kurasa mbili. Nikaongeza matukio, ikazidi kukimbia. Nikaisoma kwa sauti mara ya kumi ndipo nikasikia: -ka-. "Akafungua mlango, akatazama mbele, akaliona gari, akaomba, akanyamaza." Lugha yetu ina injini ndani ya kitenzi. Ukishaiwasha ile -ka- inavuta sentensi moja hadi nyingine, na kila jambo linakuwa limekwisha kabla halijatulia. Ombi nalo. "Akaomba" ni jambo lililokwisha. Ndiyo bodaboda aliyoisema Mama Kulwa, na ilikuwa kwenye sarufi.

Nikajiwekea sharti: sura ya 14 isiwe na -ka- hata moja mpaka feri ifunguliwe mlango. Ilikuwa kama kushona kwa mkono wa kushoto. "Jua linashuka. Dereva wa lori la mbele amelala, miguu iko nje ya dirisha. Nyamizi anaomba. Gari bado liko pale. Anaomba, huku akihesabu magari. Kumi na mawili." Haombi kwa maneno marefu tena. Anaomba kama mtu anavyopumua, na hakuna kinachotokea, na bado anaomba.

Katika Ruthu, baada ya ule usiku wa kwenye kiwanja cha kupuria (nani alisema Biblia haina taharuki ya mapenzi? Mwanamke amelala miguuni pa mwanamume usiku wa manane, na kuna ndugu mwingine mwenye haki zaidi), Naomi anamwambia mkwewe aketi atulie mpaka ajue jambo litaishia wapi. Basi. Hana la kufanya. Sura ya 14 yote imo katika agizo hilo.

Na mapenzi, kumbe, yalikuwa yananisubiri humohumo. Watu wawili ndani ya gari saa tatu hawawezi kukimbia. Faustine ananunua yai la kuchemsha kwa mtoto anayepita na ndoo. Nyamizi anakula jeupe, kiini anakifunga kwenye gazeti. Hakipendi tangu utoto. Hakuna anayesema kitu. Saa moja baadaye mtoto anapita tena, Faustine ananunua mawili, anamenya, anatoa viini anavila yeye, anampa Nyamizi meupe yenye chumvi na pilipili. Macho yake yako kwenye gari la mbele. Basi, sikuongeza neno.

Mama Kulwa aliposoma hapo aliweka karatasi chini. "Huyu wa mayai," akasema, "hata angekuja na mahari ya ng'ombe wawili ningemwachia binti yangu."

Nilijua nimekitoa wapi kile kiini. Mwaka tunachumbiana, Baba Eliya hakuwahi kuniambia neno tamu. Alikuja kibandani kwangu, akatazama mkanda wa cherehani yangu umekatika nimeufunga kwa kamba ya viatu. Hakusema. Wiki iliyofuata alikuja na mikanda miwili, mmoja wa kufunga na mmoja wa akiba. Mimi mkanda wa akiba ndio ulionifanya niolewe. Asubuhi hizi nikimnyoa ndevu, ule upande usiosikia napita polepole zaidi, ingawa ndio asioumia.

3 Agosti

Maneno 48,700.

Kijana aliyekuwa akifundishwa kazi na Baba Eliya ameanza kuazima spana mwisho wa juma, anatuachia shilingi 5,000. Juzi alileta mlio wa injini ya HP 15 ameurekodi kwenye simu, amsikilizishe mwalimu wake. Baba Eliya alifumba macho, akasikiliza, akachora kwa mkono wa kushoto kitu kama kikombe. Kabureta. Kijana akaenda kuifungua.

Hii ndiyo sura ambayo mimi wa Januari ningeiandika kwa machozi: mlemavu anaponya injini kwa sikio. Haikuwa kabureta. Ilikuwa koili, na kijana alipoteza siku nzima. Amerudi leo na mlio mwingine, wa mtumbwi mwingine. Mwalimu wake amesikiliza mara nne kabla ya kugusa kalamu.

Safu ya pili ya jedwali langu la nyumbani (ninalo, limo ukurasa wa mwisho wa kaunta buku, sikupanga kulitaja) ina maneno sita sasa: mwezi, bado, Eliya, moto, hapana, dagaa. Ya mkono, hakuna.

24 Agosti

Kaka wa Nyamizi nimemuua. Niliahirisha miezi miwili. Anafikishwa hai ng'ambo ya Busisi, na anafia Sengerema. Ombi la ukurasa wa 89 halikujibiwa hivyo alivyoliomba, na sikumpa mchungaji wa kumweleza kwa nini. Jumapili Nyamizi anakwenda ibadani. Kwenye amina ananyamaza, na Faustine aliye nyuma yake anaona shingo yake.

Huyo ndiye mwenzangu wa safu ya mbele. Kabla ya kuendelea nilikwenda kwake na sura mkononi, nikamwomba ruhusa, nikasema nitafuta akitaka. Alisoma kwa muda mrefu, mlangoni, bila kunikaribisha ndani. Akaniuliza, "Ulikuwa unaniona?" Nikasema ndiyo, dada. Akarudisha karatasi. "Usifute," akasema. "Ila siku ile nilivaa kitambaa cha kijani, si cheusi."

Nimebadilisha kitambaa.

31 Agosti

Hesabu za haraka: maneno 57,300. Sura zilizobaki ni nne. Mahari, kesi ya Mzee Yoeli, uchumba, na ile ya Ukara. Namba ya ISBN, ya kukitambulisha kitabu, nitaiomba Maktaba ya Taifa nikishamaliza. Kuna mchapaji mjini aliyenipa bei ya nakala 200. Nimeiandika kwenye karatasi nikaigeuza chini. Tuzo ya Mwalimu Nyerere ina kundi la riwaya, Mama Kulwa ananisukuma. Tuone.

Mama mkwe amekuja kutoka Misungwi, atakaa mwezi. "Mhola," yaani amani kwa Kisukuma, anasema kila asubuhi akimtazama mwanawe, kama vile anaitangaza amani ili ije.

7 Septemba

Leo usiku mwezi umepatwa. Tulitoka nje wote, mtaa mzima, watoto wakigonga masufuria. Ulitoka mpevu, mweupe, kisha ukaliwa pole pole, na kwenye saa mbili na nusu ukawa mwekundu wote kama shaba. Mawingu yalipita yakaondoka. Ziwa chini likazimika, jeusi.

Baba Eliya alikuwa kwenye kiti chake, blanketi magotini, akilitazama ziwa badala ya mwezi.

"Dagaa," akasema.

Nilichelewa kuelewa, kama kawaida yangu. Kisha nikaona anachokiona: mwezi mpevu, wavuvi wote wako nchi kavu wanashona nyavu, na giza limekuja lenyewe katikati. Mwenye mtumbwi tayari angeweza kutoka. Sura ya tano niliyoiandika Machi, mwezi mpevu na taa za dagaa pamoja, ile aliyoiharibu yeye, ilikuwa inawezekana, kwa saa moja na dakika ishirini hivi, usiku huu.

"Hapana," nikamwambia. "Kitabu ni cha 2023. Mwaka ule mwezi haukupatwa wote. Na hata ungepatwa, Mama Kulwa angeniuliza nimemhonga nani huko juu."

Alicheka kwa ule upande unaocheka. Mama mkwe akauliza mnacheka nini, nikashindwa kueleza. Tulikaa mpaka ukingo mweupe ukaanza kurudi, watoto wakachoka na masufuria, akina mama wakawaita ndani. Nikashika kiti nikimsukuma kuelekea mlangoni.

"Bado," akasema.

Nikarudisha kiti, nikaketi chini kando yake.

Maneno ya leo: 0.